Mguu wa Nyuma wa Nzohe

Jembe lilipogonga pembe, Shaban aliacha kuchimba akajifuta jasho kwa mkono wa koti lake la kaki.

"Taratibu sasa," alisema Sajini Hamidi Saburi. "Weka jembe. Tumia mikono."

Walikuwa nyuma ya kituo cha utafiti cha Muleba, pale mlima unapoteremkia kwenye kinamasi cha mafunjo. Harufu ilikwisha kuwafikia. Hamidi alijifunga leso puani. Shaban, ambaye alikuwa mlinzi wa kituo na pia mume wa Mwamvita, dada yake Hamidi, alipiga magoti akaanza kuondoa udongo, halafu majani ya migomba yaliyofunika mzoga, jani baada ya jani, bila haraka yoyote.

Aliyezikwa hapo alikuwa nzohe dume, yule swala wa vinamasini mwenye kwato ndefu kama vidole, anayekanyaga matope bila kuzama. Dakta Whitcombe, Mwingereza ambaye Muleba nzima walimwita Bwana Misuli, alimfuga uani zaidi ya mwaka ili ajue mnyama huyo anakanyaga kwa uzito gani, anaruka kwa nguvu ipi, na ni msuli upi unaomtoa matopeni. Ijumaa mnyama alikufa. Dakta alisema kalishwa sumu. Hamidi, aliyefuatwa Bukoba kwa gari la Dakta mwenyewe, alifika jioni akakuta mzoga umekwisha kuzikwa ili mbwa wasije wakala. Aliona ni busara. Aliona pia chupa ya dawa ya josho, sumu ya kuulia kupe, chumbani kwa msaidizi wa Dakta, kijana wa Buganguzi aliyeitwa Ildefons Byabato, na akaambiwa kuwa jana yake kijana huyo alibishana na bwana wake. Hakuhitaji zaidi. Kesho yake asubuhi alimtia pingu, akampakia nyuma ya lori, na lori likasimama Nshamba kupakia kahawa siku ya soko, watu wote wakimtazama.

Sasa hakimu wa Bukoba, ambaye pia ndiye Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuwa amemrudisha Muleba na mitungi miwili ya kioo ya kutilia vipande vya mzoga kwa mkemia wa serikali.

"Unataka nimweke mtu ndani kwa kuua," alikuwa amemwambia, "na aliyeuawa hujamwona?"

Karani wa mahakama aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Hamidi alikiona.

Jani la mwisho liliondolewa. Hamidi akachuchumaa ukingoni mwa shimo. Alitazama kichwa, tumbo lililovimba, miguu ya mbele. Akatazama tena.

"Shaban. Mguu wa nyuma uko wapi?"

"Huu hapa."

"Huo ni wa kushoto. Nauliza wa kulia."

Shaban aliinama kana kwamba mguu ungekuwa umejificha chini. Hamidi aliingia shimoni mwenyewe. Paja lilikuwa limetolewa kwenye kiungo cha nyonga, pamoja na kwato zake. Alichukua majani ya migomba yaliyotolewa akayatandaza kwenye nyasi. Yalikuwa mazima. Akahamishia macho kwenye udongo wa juu, ule ambao alikuwa ameuchunguza kabla jembe halijaugusa. Mvua ya Jumamosi ilikuwa imeushindilia, na magugu yalikuwa yamekwisha kuchungulia.

"Kaburi hili halijafukuliwa tangu siku ile," alisema. "Nani alimzika?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Dakta aliniagiza."

"Alikuwa na miguu mingapi?"

Shaban alicheka, lakini sauti haikutoka. "Shemeji, mnyama ana miguu minne."

"Alipoingia humu alikuwa na mitatu."

"Basi labda Datius, yule msaidizi mwingine, aliwahi kuuchukua kabla. Wale watu wa misuli hawaachi mguu upotee bure. Mimi nilikuta amefunikwa turubai, nikamburuta na turubai lake. Sikufunua."

Hamidi alikata vipande vya ini na tumbo, akavitia kwenye mitungi, akamimina spiriti, akafunga kwa nta. Mikono yake ilifanya kazi vizuri. Akili ilikuwa kwa Datius.

Ilikuwa na sababu ya kuwa huko. Chuo kikuu kimoja cha Uingereza kilikuwa kimetangaza nafasi ya mtafiti kijana, Mwafrika, wa kwenda kusomea miili ya wanyama na mwendo wao. Nafasi moja tu. Walioitwa kwenye usaili walikuwa wasaidizi wawili wa Bwana Misuli, Ildefons Byabato na Datius Mutembei, na wasaili wangekutana Bukoba Alhamisi. Ildefons alikuwa mahabusu. Huyo mwingine alikuwa maabara, amevaa koti jeupe, akilainisha kwa mafuta springi za sakafu ya mbao ambayo nzohe alikuwa akipitishwa juu yake kupimwa kishindo cha mguu.

"Nimekuja kuutafuta mguu," alisema Hamidi.

Datius alimwonyesha rafu bila kusimama. "Kuna ya mbuzi miwili na wa ng'ombe mmoja. Wa nzohe hakuna."

"Ijumaa ulikuwa wapi?"

"Bukoba. Nilitumwa kupokea vyombo kwenye meli. Uliza bandarini. Nilirudi Jumamosi, nikapishana na lori lenu njiani. Ildefons aliniona. Aliinama."

"Kama ungekuwapo, ungeuchukua mguu wake?"

"Ndiyo. Mtafiti yeyote angeuchukua."

"Basi njoo ukaone aliyeuchukua alivyoukata."

Datius alisimama ukingoni mwa shimo muda mrefu kuliko Hamidi alivyotarajia. Kisha akashuka, akapitisha kidole hewani juu ya jeraha bila kuligusa.

"Huyu si mtafiti," alisema. "Mimi ningechuna ngozi kwanza. Ningefuata kila msuli tangu unapoanzia mpaka unapokuwa kano, maana huko mwishoni ndiko siri yote iliko. Huyu amepita katikati ya misuli yote. Alikuwa akitafuta nyama."

"Nyama yenye sumu?"

"Hilo ni swali lako, Sajini. Mtu akila dawa ya josho hafichiki. Atatapika, ataharisha, pengine atakufa. Kama mguu uliliwa Ijumaa, leo ni Jumanne. Mgonjwa wako yuko wapi?"

Walipanda mlima kurudi kituoni. Mlangoni mwa maabara Datius aligeuka.

"Watu wananipongeza," alisema. "Njiani, kanisani. Wananishika mkono, na mimi nachelewa kuuondoa wangu. Unajua Ildefons na Dakta walibishana juu ya nini?"

"Dakta alisema kijana alimjibu vibaya."

"Juu ya nini?"

Hamidi alijifuta udongo wa kaburi mikononi.

"Hukumuuliza," alisema Datius. "Walibishana juu ya jua. Dakta alitaka mnyama akimbizwe apigwe picha za sinema. Ildefons akasema si adhuhuri, mnyama huyu maisha yake ni majini, ukimkimbiza juani misuli yake itajiunguza yenyewe. Nilikuwapo. Hata ile dawa ya josho ilikuwa ya kumwogeshea mnyama kupe. Na wewe hukuniuliza mimi pia."

Zahanati ya Muleba ilikuwa chumba kimoja na baraza. Klaudia, muuguzi aliyelelewa na masista wa Kashozi, alikuwa akichemsha sindano. Hamidi alimuuliza kama kuna mtu aliyekuja na kutapika tangu mwisho wa wiki.

"Homa, kikohozi, mtoto aliyeungua uji," alisema Klaudia. "Wa kutapika hakuna."

"Hata mmoja? Hata wa kuharisha?"

"Nimekwambia hakuna. Huku mtu akiumwa tumbo, kijiji kizima kinajua kabla yangu." Alifunika sufuria ya sindano. "Ukishampata mgonjwa, Sajini, utatafuta na ushahidi? Maana safari ile ulianza na pingu."

Hamidi alishukuru akaondoka. Barabarani alitembea upande wa kivulini, kofia mkononi.

Nyumba ya Shaban ilikuwa chini kidogo ya kituo, nyumba ya kazi yenye bati na kibanja kidogo cha migomba nyuma yake. Mwamvita alikuwa amekaa kibarazani akimenya ndizi za mchana, na watoto wakikimbizana kwenye majani makavu, wana afya, wana kelele. Hamidi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuingia.

"Karibu, kaka. Mbona umesimama kama mdai?"

"Dada, ile nyama ya Ijumaa. Shaban aliipata wapi?"

"Nshamba, kwa mchinjaji. Alisema ni mbuzi." Mwamvita aliinua uso. "Ilikuumiza tumbo?"

"Hapana," alisema Hamidi. "Haikuniumiza."

Ijumaa ile jioni alikuwa amefika na njaa na vumbi la safari, na kesi ikiwa tayari kichwani. Mwamvita alimpakulia ndizi zilizopikwa na nyama. Alikula, akaomba kuongezwa, akamsifu dada yake mbele ya mumewe. Alikumbuka sasa kwamba nyama ilikuwa nyeusi, kavu kuliko ya mbuzi. Alikumbuka pia kwamba Shaban alikula kidogo sana, na alikuwa akitazama chini.

Alizunguka nyuma ya nyumba. Kule mwisho wa kibanja ndiko walikotupa majivu na maganda. Alivunja kijiti akaanza kuchokoa. Kulikuwa na mifupa iliyochemshwa na kuvunjwa. Chini yake, maganda ya ndizi yaliyooza. Chini ya maganda, kitu cheusi, kigumu, kilichopinda. Alikivuta. Zilikuwa kwato mbili zilizoshikana kwa kano, ndefu kama vidole vya mtu mzima.

Mbuzi hana kwato hizo. Wala ng'ombe, wala kondoo.

Hamidi aliinama mbele, akashika mgomba kwa mkono mmoja. Kilichoingia Ijumaa kilikuwa kimekwisha kuwa mwili wake. Hakuchinjwa mnyama yule. Alikufa mwenyewe, bila kisu wala jina la Mungu, na yeye, mtoto wa Mzee Saburi, aliyefundishwa Kurani chuoni tangu hajaota meno ya pili, alikula kibudu na kuomba aongezwe.

Alimkuta Shaban ghalani akiosha jembe. Akaweka zile kwato juu ya pipa, kati yao.

Shaban alizitazama. Jembe likamteleza.

"Nisikilize kwanza, shemeji."

"Nakusikiliza."

"Sikuwa na kitu nyumbani. Dakta aliposema gari limekwenda kukufuata, nilijua utalala kwangu. Safari iliyopita tulikupa ndizi na maharage. Ulikula, hukusema neno, lakini mimi nililala na haya. Nikasema, shemeji yangu ni sajini, ataondoka tena bila kuonja nyama kwangu? Na mnyama yule alikuwa pale, amelala, ana moto bado."

"Alikuwa hai ulipomkuta?"

"Hapana."

"Ulimchinja?"

Shaban alitikisa kichwa. "Alikwisha kufa."

"Ukawapa wanao nyama ya mnyama aliyekufa kwa sumu."

"La! Wanangu? Ningewapaje..." Shaban aliinamia jembe lililoanguka.

Hamidi alisogea karibu. "Malizia. Ungewapaje? Bwana Misuli amesema sumu. Mimi nimesema sumu. Muleba nzima inasema sumu. Ni wewe peke yako uliyejua kwamba haimo, mpaka ukaitia chunguni. Ulijuaje, Shaban?"

Shaban alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alizungumza akiangalia viatu vyake.

Alikuwa amekuja mgeni, Mzungu kutoka kile chuo cha Uingereza. Dakta alitaka kumwonyesha nzohe akiruka kwa nguvu zake zote, na kamera ya sinema ilikuwa imekwisha kusimamishwa. Ildefons alitumwa Nshamba kununua misumari, kumbe alikuwa akiondolewa njiani. Adhuhuri, jua la utosi, vibarua wakagongesha madebe pande zote za ua. Mnyama alikimbia. Aliruka, akajigonga kwenye miti ya ua, akageuka, akakimbizwa tena. Mgeni alipopata picha zake alishika mkono wa Dakta, akaenda kupumzika.

"Alipoondoka ndipo mnyama alipoanza kukakamaa," alisema Shaban. "Miguu yote ilikuwa kama miti. Akakojoa, shemeji, mkojo mweusi kama kahawa. Akaanguka. Dakta alimmwagia maji, alimsugua kwa mikono yake, alimwita kwa Kiingereza kama mtu anavyomwita mtoto. Halafu akasimama. Akaniambia, huyu amelishwa sumu. Wewe hukuona mbio. Ukisema uliona mbio, nyumba hii utaihama leo."

"Na Ildefons aliporudi?"

"Alipiga magoti akamshika paja lililokakamaa. Akasema, mmemkimbiza. Dakta ndipo akamfukuza uani."

Hamidi alikumbuka alama za kwato zilizokuwa zimechimba uwanja wote wa ua, na damu kwenye miti. Aliziona Ijumaa. Aliandika kwamba mnyama alitapatapa kwa sumu.

"Utayasema haya mahakamani," alisema.

"Ya mbio nitasema. Nihame, nisihame, nitasema. Lakini ya nyama nakuomba. Niache na hilo moja. Nitapita wapi mjini? Nitasimama safu gani msikitini?"

"Bila nyama ni neno lako juu ya neno la Dakta. Mkemia atajibu baada ya miezi, na nafasi ya yule kijana inaamuliwa keshokutwa. Nyama ndiyo inayosema hapakuwa na sumu."

"Basi nimekwisha."

Kivuli kilihama mlangoni. Mwamvita alikuwa amesimama hapo, kisu cha kumenyea bado mkononi. Hawakujua amesimama tangu lini. Hakumtazama mumewe. Alizitazama zile kwato juu ya pipa.

"Chungu changu," alisema polepole. "Nimekipikia mpaka uji wa watoto."

"Mama Asha," Shaban alianza.

"Usinisemeshe." Akamgeukia kaka yake. "Utasema nini huko Bukoba?"

"Nitasema Shaban aliila, na nyinyi mkapewa bila kujua, na hakuna aliyeugua."

"Na wewe?"

Hamidi alirekebisha mkanda wake ambao haukuwa umelegea.

"Shaban ni mlinzi aliyeiba nyama ya bwana wake," alisema Mwamvita. "Mimi ni mkewe. Wazungu watatuamini sisi? Aliyekula bila kuiba na bila kuwa mke wa mwizi ni mmoja tu. Wewe. Na ndiye uliyemfunga yule mtoto wa watu."

Akaondoka. Baadaye walimsikia nyuma ya jiko akisugua chungu kwa majivu, akisugua, akisugua.

Alhamisi asubuhi chumba cha mahakama kilijaa. Wazee wa mjini walikaa benchi la mbele kama kawaida yao, kofia nyeupe zimepangana. Nyuma yao walikuwa watu wa Buganguzi waliokuja na lori la kahawa, na kati yao mwanamke mmoja aliyeshika rozari bila kuisali. Alikuwa Benigna, mama yake Ildefons. Kijana mwenyewe alisimama kizimbani pekupeku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda wake ulikuwa umebaki kituo cha polisi. Dakta Whitcombe alikaa pembeni, mguu juu ya mguu.

"Sajini, vipande umevileta?" aliuliza hakimu.

"Nimevileta, Bwana. Lakini naomba nisiwe mwendesha mashtaka leo. Naomba niape kama shahidi."

Hakimu aliinua nyusi, akaruhusu. Hamidi aliapa. Mkalimani, mzee aliyekuwa akiswali naye safu moja kila Ijumaa, alikaa tayari kugeuza maneno yake kwa Kiingereza kwa ajili ya kumbukumbu.

Hamidi alieleza kaburi, majani mazima, mguu uliokosekana, kwato chini ya maganda. Mpaka hapo sauti yake ilikuwa ya kazini.

"Mguu ule ulipikwa Ijumaa ileile, ukaliwa," alisema. "Hakuna aliyeugua mpaka leo. Waliokula ni mlinzi Shaban, mkewe na watoto wao, ambao hawakujua." Akatazama benchi la mbele. "Na mimi."

Mkalimani hakugeuza. Alimtazama.

"Sajini," alisema chini chini, "unataka nilitaje hilo?"

"Taja."

Hakimu alijua Kiswahili vizuri kuliko makarani wake, lakini alisubiri. Mkalimani akasema kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto. Kwenye benchi la mbele mzee mmoja alisema, "Astaghfirullah." Mwingine alisimama, akakusanya kanzu yake, akatoka nje, na makubadhi yake yakasikika mpaka barabarani. Hamidi alibaki amesimama wima. Masikio yalimwaka. Alitaka kusema kwamba hakujua, kwamba asiyejua hana dhambi, lakini hakuna aliyemuuliza hilo, na hakulisema.

"Ulikula kiasi gani?" aliuliza hakimu.

"Nilishiba, Bwana. Niliomba kuongezwa."

Shaban aliitwa. Alieleza mbio, madebe, mkojo mweusi. Hakuacha kitu. Kisha hakimu akamgeukia Dakta.

"Mnyama alikimbizwa?"

Dakta Whitcombe alishusha mguu. "Alifanyishwa mazoezi kidogo."

"Adhuhuri?"

Dakta alinyoosha suruali magotini.

"Sumu uliiona wapi, Dakta?"

Yule Mwingereza alitazama mikono yake. Shingo ilikuwa nyekundu mpaka kwenye ukosi. Aliposema, alisema kwa sauti ndogo, na mkalimani akalazimika kusogea.

"Yule mgeni ni mmoja wa wanaoamua nani atapewa uprofesa. Nilikuwa nimeomba. Nilihitaji ile picha ya kuruka. Ningewaambia nini? Kwamba mtu anayeomba kiti cha kufundisha mwendo wa wanyama amemuua mnyama wake kwa kumkimbiza?" Akasugua kiganja kwa kiganja. "Nilimpenda mnyama yule."

Hakugeuka kumtazama aliyekuwa kizimbani.

Hakimu alifuta shtaka, akamwamuru Dakta asiondoke Bukoba. Benigna alipiga kelele moja tu, akajiziba mdomo kwa kanga.

Hamidi alikwenda mwenyewe kituoni kuchukua viatu na mkanda wa Ildefons. Alivileta mkononi, akavuka uwanja navyo mbele ya watu. Kijana alikuwa barazani na mama yake.

"Naomba radhi," alisema Hamidi. "Kwako na kwa mama."

Ildefons alivaa mkanda kwanza. "Nilikwambia ndani ya lori," alisema. "Nilikwambia, mfukue, mshike paja, utajua alikimbizwa. Ukasema nitazungumza mahakamani."

"Nilisema."

"Leo nimesimama mahakamani asubuhi nzima, na hakuna aliyeniuliza neno."

Benigna alimtazama Hamidi viatuni, si usoni, kisha akamvuta mwanawe mkono. "Twende, waitu, mwanangu. Wazungu wa shule hawatakungoja."

Wasaili walikuwa wamekaa kwenye ukumbi wa baraza ng'ambo ya barabara, na meli ya Mwanza ingewachukua jioni ileile. Datius alikuwa amekaa kwenye benchi nje, na kwa mbali Hamidi alimwona akisogea kumpisha Ildefons nafasi. Hakusogea karibu zaidi. Alisimama chini ya jua upande wa pili wa barabara, bila kujua anasubiri nini. Watu aliozoea kusalimiana nao walipita. Wengine walimsalimu kwa kichwa. Wengine walikumbuka jambo upande mwingine.

Datius aliingia, akatoka. Ildefons aliingia, akakaa sana. Alipotoka, hakwenda kwa mama yake. Alivuka barabara.

"Wamesema nafasi ni yangu," alisema. Uso wake haukuwa na furaha yoyote bado. "Lakini lazima mtu wa hapa, mtu wa serikali au wa kanisa, asimame mbele yao aseme mimi ni mtu wa namna gani. Mdhamini wangu alikuwa Dakta."

"Padri wa Kashozi?"

"Kashozi ni mbali, na meli haisubiri. Nimekutaja wewe."

Hamidi alidhani hakusikia vizuri. "Mimi? Baada ya yote?"

"Sijakusamehe," alisema Ildefons. "Usidhani hivyo. Ila wale watu wamekwisha kusikia yaliyotokea mahakamani asubuhi. Mji mzima umesikia. Nikitafuta mtu ambaye hawawezi kusema ananipendelea, nitampata wapi mwingine?"

Hamidi alivua kofia. Alitaka kusema kwamba hafai, lakini kijana alikuwa amekwisha kugeuka, akimwonyesha mlango.

Ndani walikuwa watatu nyuma ya meza, na kiti cha nne kitupu, pengine cha yule mgeni wa Dakta. Mwenyekiti wao alikuwa mzee wa nywele nyeupe, aliyezungumza Kiswahili cha vitabuni, neno moja moja. Alimkaribisha akae. Hamidi alibaki amesimama.

"Tunaambiwa unaweza kutueleza kuhusu Ildefons Byabato," alisema yule mzee. "Unamfahamu tangu lini?"

Mlango ulikuwa wazi, na Ildefons alikuwa kizingitini, anasikia kila neno.

"Tangu Jumamosi, Bwana," alisema Hamidi. "Siku nilipomkamata kwa kosa ambalo hakulitenda. Naomba nianzie hapo."

Mzee yule aliweka kalamu mezani.

"Anza," alisema.